Watani wa Jadi: Simba, Yanga na Namna ya Kubishana Bila Kubomoa Nyumba



Makala za historia tumeshaandika nyingi, na karibu zote zilikuwa nzito: vita, mipaka, safari za kukimbia. Safari hii tumekubaliana tuandike historia ya kitu kinachotupigisha kelele kila wiki hapa kambini, yaani ubishi wa mpira. Sisi tunaoandika ni vijana wa kujitolea katika kambi moja mkoani Kigoma. Wengine tumetoka Kongo, wengine Burundi. Kwenye kundi letu kuna Simba na kuna Yanga, kwa hiyo kila mwaka na kila goli lililomo humu limekaguliwa na pande zote mbili, na ukaguzi wenyewe ulichukua jioni nne.

Swali letu ni hili. Simba na Yanga wamezodoana karibu miaka 90. Sasa kwa nini Dar es Salaam haijagawanyika? Inakuwaje mume ni Yanga, mke ni Simba, watoto wamegawana, na nyumba inasimama? Sisi tumeona kwa macho yetu jinsi maneno mawili tu, "sisi" na "wao", yanavyoweza kuwasha nchi. Basi watu wanaosema "sisi" na "wao" kila Jumamosi na Jumapili bila nchi kuwaka, lazima kuna kitu wanakijua. Tukitafute.

Mtaa uliopata jina kutoka kambini

Tuanzie mtaani, zilikozaliwa timu zote mbili: Kariakoo. Watu wanaijua Kariakoo kwa soko na maduka ya jumla. Jina lake limetoka mbali. Wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, jeshi la Waingereza liliwachukua Waafrika wengi sana, wengi wao kwa kulazimishwa, wawe wapagazi wa kubeba chakula na risasi. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps. Maelfu kwa maelfu walikufa, si kwa risasi tu bali kwa njaa, uchovu na magonjwa. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam mwaka 1916, wapagazi waliwekwa kambi upande ule wa mji. Wenyeji wakalitamka jina la kikosi kwa ulimi wao, likawa Kariakoo.

Kwa hiyo mtaa maarufu kuliko yote Tanzania ulipata jina lake kutokana na kambi, tena kambi ya watu waliotolewa makwao bila kupenda. Sisi tunaoishi kambini tuliposoma hilo tulinyamaza kidogo.

Baada ya vita, Kariakoo ikajaa watu wa kila upande. Walikuwepo Wazaramo, ambao ndio wenyeji. Walikuwepo Wanyamwezi, Wangoni, Wayao. Walikuwepo pia Wamanyema, watu ambao asili yao ni mashariki ya Kongo, waliofika pwani kwa njia ya misafara. Ndugu zetu wa Maniema na Kivu, mjue kwamba watu wa kwenu walikuwa wakaaji wa Kariakoo kabla timu hizi hazijazaliwa.

Mpira wa miguu ulikuja na utawala wa kikoloni, kupitia shule, ofisi na bandari. Vijana wa Kariakoo wakaudaka. Mwaka 1935 ikaanzishwa Young Africans, ambayo ulimi wa mtaani uliifupisha ikawa Yanga. Mwaka 1936 kundi likajitenga na kuanzisha timu yao. Timu hiyo ilibadili majina: Queens, Eagles, halafu Sunderland. Mwaka 1971, wakati majina ya kigeni yalikuwa yanaachwa, Sunderland ikawa Simba.

Kwa nini waliachana? Msimbazi wanasimulia hivi, Jangwani wanasimulia vile, na huo ndio ubishi wa kwanza wa watani: nani alimwacha nani, nani mkubwa, nani mtoto aliyetoroka nyumbani. Lakini kuna jambo ambalo pande zote mbili zinakubali. Waliogawanyika walikuwa marafiki na majirani. Hawakugawanywa kwa kabila, na hawakugawanywa kwa dini. Mpaka leo makao makuu ya Yanga yako mitaa ya Twiga na Jangwani, na ya Simba yako mtaa wa Msimbazi. Ukitoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine hupandi hata daladala, unatembea tu.

Kongo nako ilikuwa miaka ile ile. Kule Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, timu ya Vita Club ilianza mwaka 1935, na mpinzani wake Daring, ambayo leo tunaiita DCMP au Imana, ilianza mwaka 1936. Lubumbashi, Mazembe na Lupopo zote zilianza mwaka 1939; Mazembe kwa watawa wa Kibenedikti, Lupopo kwa watu wa reli. Hii haikuwa bahati tu. Miji ya kikoloni ilikusanya watu waliotoka vijijini na kuwaacha kila mtu peke yake. Mtu aliyeacha ukoo wake nyuma alihitaji mahali pa kusema "sisi" tena, na timu ikampa. Ukitaka kujua kwa nini mkimbizi anashika timu kwa nguvu sana, anzia hapo.

Utani ulikuwepo kabla ya mpira

Sasa tuje kwenye neno lenyewe. Magazeti na redio za Tanzania hawasemi "maadui Simba na Yanga". Wanasema watani wa jadi. Tumelizoea neno hilo mpaka hatulisikii tena, lakini ndani yake kuna sheria ya zamani.

Utani ni uhusiano kati ya makabila, koo au watu, ambao unaruhusu mzaha mkali. Mtani wako anaweza kukucheka mbele za watu, akachukua kitu chako, akakuita mwizi, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika, aibu ni yako. Lakini mtani huyo huyo ana kazi. Ukifiwa, anakuja. Anasaidia kuzika. Msibani anafanya vituko, anaweza hata kuzuia jeneza lisitoke mpaka apewe chochote, na wafiwa wanacheka machozi yakiwa bado mashavuni. Anaweza pia kusema ukweli ambao ndugu wa damu wanauogopa, kwa mfano kwamba marehemu alikuwa mlevi au alikuwa na deni.

Utani huu ulitoka wapi? Njia ni mbili hasa. Ya kwanza ni vita. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali kati ya 1878 na 1882. Vita vilikwisha, na watu wa makabila hayo wakaja kuwa watani. Yaani waliomwagiana damu waliibadilisha kumbukumbu ya damu ikawa mzaha wenye masharti. Ya pili ni safari. Wapagazi wa Kinyamwezi walitembea kutoka bara mpaka Bagamoyo, wakipita katika nchi za watu wengine. Walihitaji maji, chakula, mahali pa kulala, na mtu wa kuwazikia mwenzao akifa njiani. Misafara mingine ilianzia Ujiji, hapa hapa Kigoma, ikipokea watu na mizigo kutoka ng'ambo ya ziwa. Msafiri hana ukoo njiani. Utani ulimpa ndugu katika nchi ya wageni.

Sasa weka mambo mawili pamoja. Kariakoo ilijaa watu waliotoka kwenye makabila yenye utani, na wengi walifika mjini kwa njia zile zile za misafara. Walipogawanyika kwa mpira mwaka 1936 hawakuhitaji kubuni namna mpya ya kugombana. Walikuwa nayo tayari, wameirithi.

Ubishi una kanuni zake

Msikilize shabiki anavyosema. Hajawahi kugusa mpira wa ligi hata siku moja, lakini anakwambia "tumewafunga". Timu ikipoteza anasema "tumefungwa", na kuna wanaokataa kula. Hilo "tu" ndilo uanachama wenyewe. Halidai kadi wala ada. Linadai mambo mawili: uumie wakiumia, na uijue historia.

Historia ndiyo silaha. Kijiweni huwezi kubishana bila miaka. Shabiki wa Yanga akianza na 5-0 ya tarehe 1 Juni 1968, wa Simba anajibu na 6-0 ya Julai 1977, siku ambayo Abdallah Kibadeni alifunga matatu peke yake. Wa Yanga anasema 1977 timu ilikuwa imepasuka, wachezaji wazuri walishahamia Pan African. Wa Simba anauliza, nani aliwapasua? Wa Yanga anakumbusha fainali ya klabu bingwa ya Afrika Mashariki na Kati ya 1975 kule Zanzibar, Yanga 2 Simba 0. Wa Simba anarudi na 5-0 ya tarehe 6 Mei 2012. Wa Yanga ananyamaza, anacheka, anataja tarehe 5 Novemba 2023: Yanga 5, Simba 1.

Mnaona wanavyoita? Wanaita deni. "Lile la 1977 bado hamjalipa." Na deni ni neno la watu wanaotarajia kuonana tena. Adui huna mpango wa kumdai kesho, unataka apotee. Mtani unataka abaki, tena abaki na afya, ili umdai.

Majina ya matani nayo hayakosi. Simba wataitwa mikia, wataitwa makolo. Yanga wataitwa utopolo, kandambili, au vyura, kwa sababu bonde la Jangwani hujaa maji mvua zikinyesha. Haya ni maneno ya kuudhi. Lakini angalia hayagusi nini. Hayagusi kabila la mtu, wala dini yake, wala mama yake, wala kule alikotoka. Yanagusa timu tu, yaani kitu ambacho mtu amekichagua mwenyewe. Hapo ndipo mpaka ulipo.

Tena mpaka wa timu na timu una milango. Amissi Tambwe wa Burundi alikuwa mfungaji bora wa ligi akiwa Simba, halafu akaja kuwa mfungaji bora tena akiwa Yanga. Haji Manara, mtoto wa Sunday Manara aliyeng'ara Yanga, alikuwa msemaji wa Simba kwa miaka, na mwaka 2021 akahamia Yanga. Watu walilalamika, walicheka, maisha yakaendelea. Kabila halina mlango wa namna hiyo.

Tusijidanganye kwamba watani ni malaika. Ugomvi mkubwa kabisa mara nyingi umetokea ndani ya klabu, si kati ya klabu. Hiyo Pan African tuliyoitaja ilizaliwa katikati ya miaka ya 1970 kutokana na mpasuko wa Yanga, na mwaka 1982 ikachukua ubingwa wa ligi. Na juzi tu, mechi ya watani ya tarehe 8 Machi 2025 haikuchezwa. Simba walisema walizuiwa kuingia uwanjani kufanya mazoezi usiku wa kuamkia mechi, na mechi ikaahirishwa. Ilichezwa tarehe 25 Juni, Yanga wakashinda 2-0. Katika miezi mitatu ile vijiwe viligeuka mahakama. Watu ambao hawajawahi kushika kitabu cha sheria walikuwa wanakariri kanuni za ligi kifungu kwa kifungu. Kelele zilikuwa nyingi mno, lakini zilikuwa kelele za kanuni: nani anaruhusiwa nini, imeandikwa wapi. Kwetu sisi tuliotoka mahali ambapo wakubwa wakikosana kanuni haiulizwi kabisa, lile lilikuwa darasa.

Mashemeji wa Nairobi

Wenzetu mlioko Kakuma mtatuuliza, na Kenya je? Kenya ni mfano mzuri kwa sababu kule timu kubwa zilianza kwa kabila waziwazi. AFC Leopards ilianzishwa mwaka 1964 kama timu ya Waluhya, na ilibeba jina la Abaluhya. Gor Mahia ilianzishwa mwaka 1968, na ni timu ya Wajaluo toka mwanzo. Jina lake ni la mganga mashuhuri katika hadithi za Wajaluo. Mwaka 1980 serikali ya Rais Moi iliagiza majina ya kikabila yaondolewe. Abaluhya ikawa AFC Leopards. Timu nyingine, Luo Union, ikawa Reunion.

Je, kufuta jina kulifuta kabila mioyoni mwa mashabiki? Wapi. Waluhya waliendelea na Leopards yao, Wajaluo na Gor yao. Kilichosaidia zaidi kilitoka kwa watu wenyewe. Mechi ya Gor na Leopards inaitwa mechi ya mashemeji, kwa sababu Wajaluo na Waluhya ni majirani na wameoana kwa vizazi. Shemeji unaweza kumtania, unaweza kumcheka timu yake ikifungwa, lakini dada yako yuko kwake na watoto ni wajomba zako.

Tazama sasa. Tanzania, watani. Kenya, mashemeji. Kiswahili, katika nchi mbili tofauti, kiliwatafutia wapinzani wa mpira jina la undugu. Sisi tunaamini hilo si pambo la watangazaji. Ni onyo lililofichwa ndani ya neno. Kila unapomtaja mpinzani wako, ulimi unakukumbusha kwamba una wajibu kwake.

Siku ambayo wajibu ulisahauliwa

Wajibu ukisahauliwa, mpira unaua. Ndugu zetu wa Kongo mnaikumbuka tarehe 11 Mei 2014, uwanja wa Tata Raphaël, Kinshasa. Vita Club walikuwa wanacheza na Mazembe, na Vita walikuwa nyuma kwa goli moja. Vitu vikaanza kurushwa, polisi wakapiga mabomu ya machozi, watu wakakimbilia kutoka, wakakanyagana. Walikufa watu wasiopungua 15.

Hatuwezi kusema sababu ni moja. Milango ya uwanja, polisi, hasira, vyote vilikuwepo. Lakini tunajua pia jinsi mechi ya Kinshasa na Lubumbashi inavyoweza kubebeshwa mizigo ambayo si ya mpira: magharibi na mashariki, Kilingala na Kiswahili, siasa za wakubwa. Shabiki anaingia uwanjani akiwa amebeba ugomvi wa nchi nzima mgongoni. Goli moja linakuwa si goli tena, linakuwa tusi kwa watu wa kwao.

Na sisi hapa kambini

Hapa kambini tunaangalia mechi kwenye vibanda umiza, au kwa simu moja watu saba. Ukiangalia nani amekaa na nani, utaona jambo ambalo halionekani kwenye foleni ya mgao wala kwenye mitaa ya makazi. Wakongo na Warundi wamechanganyika. Watu ambao wazazi wao wasingekaa benchi moja wamevaa jezi moja.

Msimu wa 2022/23 ulituonyesha vizuri. Wafungaji bora wa ligi walikuwa wawili, kila mmoja magoli 17: Fiston Mayele wa Yanga, Mkongo, na Saido Ntibazonkiza wa Simba, Mrundi. Kwa akili ya vita, Wakongo wote wangeshangilia Yanga na Warundi wote Simba. Haikuwa hivyo. Tulikuwa na Mrundi wa Yanga anayetetema kama Mayele kila goli likiingia, na Wakongo wa Simba waliokuwa wanamwombea Saido afunge Mkongo mwenzao apitwe. Uraia ulivuka upande huu, ushabiki ukavuka upande ule, na mtu akawa na "sisi" mbili ambazo hazilingani. Mtu mwenye "sisi" mbili ni vigumu kumtuma kuwachukia watu.

Yuko pia Kibu Denis. Ametoka katika familia ya wakimbizi wa Kongo na alipewa uraia wa Tanzania mwaka 2021. Siku ile ya 5-1, goli la pekee la Simba lilikuwa lake. Hapa kambini hata Yanga walipiga makofi, halafu wakaendelea kuhesabu hadi tano.

Lakini jioni ile ile tuliona upande mwingine. Baada ya mechi vijana wawili walianza kutaniana nje ya kibanda. Maneno yalikuwa ya kawaida, makolo hivi, deni vile. Halafu mmoja akakosa jibu. Badala ya kucheka akarusha neno lingine, neno la kabila la mwenzake, lile neno ambalo kila mmoja wetu analijua na hatutaliandika. Kelele zote zilikatika. Mwenzake aliinama akaokota tofali.

Aliyewatenganisha ni mzee mmoja Mrundi anayeuza kahawa pale. Hakupiga kelele. Alimshika mkono yule wa tofali, kisha akamgeukia aliyetamka neno, akamuuliza, "Mwanangu, ulimtania au ulimtukana?" Kijana akasema, "Mzee, nilimtania." Mzee akasema, "Mtani wako akifiwa unakwenda kumzikia. Wewe mama yake huyu akifa leo, utakwenda kushika jembe?" Kijana hakujibu. Alikaa chini, na baadaye aliomba radhi mbele ya watu.

Swali la yule mzee limebaki kwetu kama kipimo. Tangu siku hiyo kundi letu limeweka mambo matatu kwenye vibanda vya mtaa wetu, na tunayaeleza kabla mechi haijaanza.

La kwanza: taniana juu ya kile mtu alichokichagua. Timu, jezi, mchezaji, kocha, vyote halali. Kabila, nchi, dini, ulemavu, kukosa wazazi, ukimbizi wenyewe, haramu. Tumekubaliana hivyo hata kwa wenyeji wa vijiji vya jirani wanaokuja kuangalia mechi, maana nao kuna siku wanateleza na kusema "mkimbizi huna timu".

La pili: ubishi uwe na tarehe. Ukisema mmewafunga, sema lini na ngapi. Tumeona kijana anayetafuta mwaka kichwani hana nafasi ya kutafuta tusi. Isitoshe, wadogo zetu wanajifunza kutunza kumbukumbu na kukubali ushahidi wa upande wa pili. Huo ndio msingi wa historia yoyote, hata ile nzito.

La tatu: wajibu wa mtani. Shabiki wa upande wa pili akifiwa, akiugua, au nyumba yake ikiezuliwa na upepo, wa kwanza kufika ni watani. Hili tumelifanya mara kadhaa. Juzi nyumba ya mama mmoja wa Simba iliezuliwa na mvua, na waliopanda juu kufunga turubai walikuwa Yanga watupu. Walimtania muda wote walipokuwa juu. Mama alicheka mpaka akakaa chini.

Ndugu zetu wa mashirika, tuna ombi. Mara nyingi mnaleta mipira, mnapanga mashindano ya amani, mnachanganya wachezaji wa mataifa tofauti katika timu moja. Tunashukuru, tena sana. Lakini wachezaji ni 22, mashabiki ni mamia. Na vurugu zikitokea baada ya mechi, jibu la haraka huwa kufunga vibanda. Tunaelewa woga wenu. Ila mkifunga vibanda, vijana watarudi kukaa kila mtu na watu wa kwao, na pale ubishi wa mpira ukikosekana ubishi unaobaki ni ule wa zamani. Mkae nasi vibandani walau siku ya watani mwone kanuni zinavyofanya kazi.

Vijana wenzetu wa kambi nyingine, kama kwenu mna kanuni tofauti, au mna mzee mwenye maneno kama ya mzee wetu, tuleteeni. Jumamosi jioni tunakutana tena kuzijadili. Na Yanga wa kundi letu wameomba iandikwe hapa kwamba 5-1 ni 5-1. Simba nao wameomba iandikwe kwamba 6 ya 1977 bado hawajalipwa.